Mguu wa Kulia wa Bi Sikitu

Jirani yangu Bi Mwasiti anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema siku ya kufunguliwa daraja la Mto Lukwale, Mtangulizi wa Taifa aliposhuka garini na kuweka mguu kwenye sakafu mpya, zege lilibonyea chini yake kama ugali wa moto unavyobonyea chini ya kidole gumba. Si kwa uzito wa mwili, anasema, maana Mtangulizi ni mtu mkavu. Ni kwa uzito wa mapenzi aliyonayo kwa wananchi wake. Akainua mguu, alama ikabaki. Watu wakalia. Bi Mwasiti naye akalia mpaka upindo wa kanga ukalowa, akaukamua.

Siku hiyo Bi Mwasiti alikuwa kalala chumbani kwangu na jipu la paja, na maji ya chumvi ya kumkandia nilichemsha mimi. Lakini simbishii. Sasa yeye ni Shahidi Rasmi, ana kofia na fulana yake, na wageni wakija hutolewa kiti asimulie. Akifika pale pa kulia huwa hanitazami. Jioni hunipitishia kibakuli cha mboga, kakifunika vizuri, nami hukipokea, tukaulizana habari za kuku.

Mimi nimeishia darasa la saba, na nchi yetu ni kubwa kuliko darasa la saba. Jina lake silitaji, anayeijua anaijua. Nitasimulia niliyoyaona, kisha nina ombi dogo.

*

Daraja la zamani lilikuwa na mihimili ya chuma, mizima kabisa, na juu yake mbao. Mbao ndizo zilizochoka. Kila ubao uliokatika ulipewa jina la mtu aliyetumbukia hapo, ili asisahaulike na ili wengine waruke. Mtoto akitumwa ng'ambo alikuwa akielekezwa hivi: kanyaga, kanyaga, ruka kwa Mzee Libaba, kanyaga, ruka kwa Pili na mtungi wake, kisha shika chuma, usitazame chini. Mabibi harusi walikuwa wakirushwa. Maiti walikuwa wakifungwa kamba.

Tulilalamika miaka mingi. Mwishowe ikaja Kamati ya Kuchunguza Malalamiko. Ikasimama ukingoni, ikalitazama daraja kwa darubini, ikarudi mjini. Taarifa yake ilisomwa sokoni kwa kipaza sauti: daraja halijachakaa, ila wananchi wa sehemu hizi wanakanyaga kupita kiasi. Tukashauriwa tukanyage kwa kiasi. Wazee walijaribu. Mzee Libaba wa pili, mdogo wake yule wa kwanza, alikanyaga kwa kiasi, na ubao wake ukapewa jina hilohilo ili tusihangaike kukariri.

Kisha akatumbukia beberu wa Mkuu wa Wilaya. Wiki ile ile malori ya saruji yakaonekana mlimani yakishuka. Redio ikatangaza kwamba serikali imesikia kilio. Hatukuuliza kilio cha nani, tulikuwa tunashusha mifuko.

*

Sasa lazima nieleze habari ya mguu, maana nje ya kwetu huenda haijulikani.

Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Anatafutwa mtu mwenye mguu mwema, yule ambaye akitangulia yeye mlango unafuatwa na heri. Mama yangu, Bi Sikitu, alikuwa na mguu huo. Hakuusomea, hakuuomba. Alikuwa amezaa watoto wakafa, nilipokuja mimi akaniita Siwema ili kifo kinidharau, na kweli kikanidharau. Toka hapo watu wakasema mguu wa mama huyu umefungua kitu. Akaitwa kwenye nyumba, kwenye visima, kwenye vyumba vya wazazi, hata kwenye mashine ya kusaga ya Mhindi wa ng'ambo. Huosha mguu wa kulia, huupaka mafuta ya nyonyo, huutanguliza, husema, "Mola, wapitishe." Basi. Hunywa chai yake, hurudi nyumbani. Mguu wenyewe haukuwa mzuri. Kidole kidogo kilikatwa na jembe angali msichana, vikabaki vinne.

Serikali yetu inapenda mila. Ilipoiona hii ikaipenda mpaka ikaichukua. Ikatungwa Sheria ya Mguu wa Kwanza: kitu chochote cha umma hakikanyagwi mpaka kikanyagwe kwanza na Mtangulizi wa Taifa mwenyewe, kwa mguu wa kulia, maana mguu mwema kuliko yote ni wake. Tatizo ni kwamba yeye ni mmoja na nchi ni pana. Choo cha soko kilimalizika, kikasubiri mguu, mpaka mpapai ukaota ndani ukazaa. Wodi ya wazazi ilimalizika, kinamama wakajifungulia barazani huku wakivitazama vitanda kwa dirishani. Wauguzi walikuwa wapole sana. Waliwasogeza karibu na dirisha ili wapate angalau kuona mashuka.

*

Msimamizi wa kazi pale darajani alikuwa Fundi Chande, mtu wa kwetu, mnene, mwoga wa maji. Walivua mbao zote, wakasuka nondo juu ya ile mihimili, wakamwaga zege. Boksi la mbao lililoshikilia zege likaachia, zege likaenda mtoni. Wakafunga upya, wakamwaga. Likaenda tena, na safari hii likaondoka na kibarua. Akaopolewa kwa chini, mzima, lakini hakutaka tena kuongea. Vibarua wakaweka makoleo chini. Wakasema hawamwagi hata karai moja mpaka aje mwenye mguu.

Fundi Chande akaja nyumbani akiwa na kofia mkononi. Mama alikuwa anachagua mchele. Mimi nilitangulia kusema, kwa sababu tangazo la Sheria lilibandikwa kwenye mlango wa shule na nilikuwa nimelisoma.

"Mama, ile ni mali ya serikali."

"Na watakaopita ni serikali?"

Fundi Chande akasema haraka haraka kwamba Sheria anaijua, ila Sheria iko mji mkuu na mto uko hapa. Mama akamaliza ungo wake. Akaniambia nimletee mafuta.

Asubuhi yake walimwaga zege, na lingali bichi mama akauweka mguu pale mwanzo wa daraja, upande wetu. Akasema maneno yake. Vibarua wakaitikia. Desturi ni kwamba fundi huipitishia mwiko ile alama, sakafu ikawa laini kama haijaguswa. Fundi Chande akachuchumaa na mwiko wake, akakaa vile vile. Kisha akainuka akasema hapana, aiache ikauke, ili walau jambo moja kwenye nchi hii lionekane lilianzia wapi. Wote tulicheka. Boksi halikuachia. Lile zege likashika.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Mwenye kulitafuta kosa lingine katika habari hii asijisumbue.

*

Kabla Mtangulizi hajafika mahali, hutangulia Mkurugenzi wa Mguu wa Kwanza, kuhakikisha kwamba hapajakanyagwa. Kwetu akaja Bwana Lugendo. Alishuka garini, akatembea ukingoni kwa kunyata, akaiona alama, akakaa chini kwenye kokoto na suti yake.

Kuivunja sakafu haikuwezekana, kwani redio ilikwishatangaza kuwa imekamilika, na kitu kilichokamilika hakivunjwi. Kuifukia alama nako hakukuwezekana, kwani Mtangulizi angekuwa anakanyaga juu ya uongo. Kilichobaki ni kumpata mwenyewe. Kijiji kizima tukapangwa foleni miguu mitupu, na karani akapita na kipande cha boksi la karatasi kilichokatwa kwa mfano wa ile alama. Bi Mwasiti alipimwa mara mbili, mguu wake ukazidi pande zote. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba hajawahi kushukuru unene kama siku ile.

Mama hakungoja zamu. Alitoka kwenye foleni, akavua ndala.

"Ni wangu, mwanangu. Usiwachoshe watu na jua."

"Nani alikutuma?" akauliza Bwana Lugendo.

"Sikutumwa, niliitwa. Hata wewe ulipotolewa nje siku ya arobaini niliitwa mimi, kile kizingiti cha baba yako nilitangulia mimi. Ulikuwa unalia kweli."

Watu wakatazama pembeni ili wacheke. Bwana Lugendo akamwambia karani sentensi hiyo isiandikwe, hasa pale pa kulia. Kisha akasimama juu ya mfuko wa saruji akatoa hotuba. Akasema serikali hii si ya kikatili. Serikali haina ugomvi wowote na Bi Sikitu, mama wa watu, mlezi, mlipakodi. Ugomvi wa serikali ni na mguu wake wa kulia, ambao umejitwalia madaraka ya nchi. Kwa hiyo mguu unakamatwa. Sehemu nyingine zote za Bi Sikitu ziko huru na zinaweza kwenda nyumbani wakati wowote zikipenda.

Tulimpigia makofi. Kwetu hotuba ikisimama hivyo lazima ipigiwe makofi. Hata mama alipiga.

*

Kituo cha polisi kiko nyuma ya soko, na chumba cha mahabusu kina pete ya chuma sakafuni. Mguu ukafungwa hapo. Mlango wakauacha wazi, ili kuonyesha kwamba mama hajafungwa. Koplo Mashauri, aliyekuwa zamu, alimwambia kwa heshima kabisa, "Bi mkubwa, ukitaka kwenda nenda, ila mguu unabaki."

"Basi ngoja niusindikize kidogo," mama akamjibu, akakaa.

Chakula cha mahabusu hakikuwepo kwake, kwa kuwa mguu hauna mdomo. Nikawa napeleka mimi. Koplo Mashauri hukionja kwanza kwa ajili ya usalama, na usalama wa kwetu unahitaji nusu bakuli. Baadaye tulizoeana. Siku moja akaniambia nilete ndizi laini, kwani bi mkubwa ameanza kushindwa kutafuna.

Pingu ilikuwa ya kufungia mkono. Mguu ukavimba juu yake, ukang'aa, kisha ukaanza kutoa harufu ambayo mama aliifunika kwa kanga nilipoingia, akaniuliza habari za mchele. Nilikwenda kwa Bwana Lugendo, aliyekuwa amehamia ofisi ya kata kumsubiri Mtangulizi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nikamwomba pingu ihamishiwe mguu wa kushoto, walau kwa siku chache. Alishtuka kwa kweli. Akanieleza, kwa upole, kama mtu anavyomweleza mtoto, kwamba mguu wa kushoto haujatenda kosa lolote, na nchi inayofunga miguu isiyo na hatia si nchi tena. Nikaomba mganga. Mganga wa zahanati alikuja mpaka mlangoni akasimama hapo. Akasema ule mguu ni kielelezo cha kesi, na kielelezo hakitibiwi, kwani kikipona kitakuwa kimebadilika. Alisema hivyo huku anatazama viatu vyake. Alizaliwa katika nyumba iliyotanguliwa na mama.

Mama ndiye aliyekuwa akinichekesha. Aliniambia, "Siwema, mguu huu umeingia nyumba za watu wote hawa. Acha sasa wauone vizuri." Siku nyingine aliniuliza kama daraja linapitika. Nikasema halijafunguliwa, linangoja. Akataka kujua kama zege lina ufa. Nikamwambia halina. Akalala usingizi akiwa ameushika mkono wangu, na joto lake lilikuwa la kuivisha kiazi.

*

Mtangulizi akaja. Watu wote wakaamriwa darajani, isipokuwa wagonjwa na wanaowauguza. Ndivyo mimi na Bi Mwasiti na jipu lake tulivyobaki, tukasikiliza vipaza sauti kwa mbali. Yaliyotokea nilielezwa na Fundi Chande, kwani ndiye aliyetandika zulia.

Zulia jekundu liliwekwa juu ya alama. Mtangulizi akakanyaga juu ya zulia, na kiatu chake cheusi. Bwana Lugendo akapiga magoti, akalikunja zulia, na hapo chini pakaonekana alama ya mguu, kavu kama mfupa, na vidole vinne. Fundi Chande anasema aliwaona mawaziri wakihesabu vidole kwa midomo. Hakuna aliyeuliza kiatu kimeachaje vidole. Kisha Bwana Lugendo akatangaza kwa sauti iliyofika mpaka chumbani kwangu kwamba hii ndiyo alama ya Mtangulizi, na kwamba yeye siku zote, kwa unyenyekevu wake, amekuwa na vidole vinne.

Kesho yake mawaziri walionekana wakichechemea. Wiki iliyofuata na wakuu wa mikoa. Fundi viatu wa mjini alibadilisha vipimo vyake vyote.

Mimi niliposikia lile tangazo nilifurahi. Nisifiche. Nilifikiri kwa akili yangu hii kwamba kama alama si ya mama, basi mama hana kosa. Nikampikia uji wa ulezi, nikauweka kwenye chupa ya chai, nikakimbia.

Koplo Mashauri alikuwa mezani. Nikamwambia nimekuja kumchukua mama. Akauliza, "Mama yupi?"

"Afande, Bi Sikitu."

Akanieleza. Alikuwa amekariri, maana alisema bila kupumua. Alama ni ya Mtangulizi. Kwa hiyo hakuna raia aliyekanyaga. Kwa hiyo hakuna mguu uliokamatwa. Na mguu ambao haukukamatwa hauwezi kuachiwa. Kituo hiki hakijawahi kumpokea mtu wa jina hilo.

"Afande, juzi uliniambia nilete ndizi laini."

Nikachungulia chumba kile. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Pete ya chuma ilikuwepo sakafuni, na sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa, ingali na maji. Ndala ya mguu wa kushoto ilikuwa imeegeshwa ukutani ili ikauke.

Koplo Mashauri akapokea ile chupa ya uji, akaishika kwa mikono yote miwili, akanirudishia bila kuonja.

*

Daraja ni zima. Siwezi kulisema vibaya. Malori yanapita, mabibi harusi wanapita wakitembea, watoto hawaruki tena, na majina ya wale wa mbao yanaanza kutupotea. Mvua kubwa ilikuja mto ukapanda mpaka kwenye mihimili, na sakafu haikutikisika. Nami napita. Nikifika pale mwanzo nautanguliza mguu wa kulia, kisha natazama mbele.

Alama imewekewa kioo kinene na kamba ya dhahabu. Wanafunzi huletwa kwa mabasi kutoka mbali, huvua viatu, huambiwa wahesabu vidole. Bi Mwasiti hukaa kwenye kiti chake. Chini ya kioo unyevu umeingia, na kwenye kisigino pameota ukungu wa kijani. Mama hangependa. Alikuwa mtu wa kusugua visigino.

Mwezi uliopita ilikuwa sherehe ya kukumbuka siku ya ufunguzi. Alikuja Bwana Lugendo, sasa ni Waziri wa Miguu, anachechemea kuliko wote. Alisema mengi. Mwishoni akasema serikali hii ni sikivu, na kama kuna mwananchi yeyote mwenye ombi, aje mbele aseme bila woga. Hayo husemwa kila mara, na kila mara hakuna anayekwenda. Ndiyo adabu yetu. Kwa hiyo nilipotoka, askari hawakujua wanifanye nini. Bi Mwasiti alinishika kanga, kisha akaiachia.

Nilimwamkia Waziri shikamoo. Akaitikia marahaba. Alinijua, niliona alivyonijua.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "siku ile ulisema serikali haina ugomvi na mama yangu, ugomvi wake ni na mguu wa kulia. Mguu mnao, uko hapo chini ya kioo, na mimi siudai. Ulisema sehemu nyingine zote ziko huru kwenda nyumbani. Nimekuja kuziomba. Naomba mnipe mama yangu aliyebaki, nikamzike."

Waziri akakitazama kioo. Kisha akautazama mto. Kipaza sauti kilikuwa bado kiko karibu na mdomo wake, na mpaka ng'ambo ya pili watu walimsikia akipumua.